Jinsi ya Kuchora Pwani kwa Mtindo wa Impreshonizimu Bila Kuishia kwenye Rangi ya Tope

Karibu kila wiki naletewa picha kwenye simu na ujumbe wa aina moja: "Mwalimu, nimefuata yote, mbona haitoki?" Naifungua. Bahari ni bluu ya kopo mwanzo hadi mwisho, mchanga ni mweupe pe, vivuli vimetiwa nyeusi mpaka vinafanana na masizi ya sufuria, na upeo wa macho umekatiza katikati ya picha kama kamba ya kuanikia nguo. Halafu mchoraji, akihisi kuna kitu hakijakaa sawa, amesugua na kusugua mpaka rangi zote zimeungana kuwa tope.

Wengi wanadhani wamekosa rangi sahihi. Rangi wanazo. Shida ni kwamba wamechora wanachokijua kuhusu bahari, si walichokiona saa ile. Na Impreshonizimu nzima, mtindo wa kunasa mwanga wa muda mfupi kwa mipigo ya haraka ya brashi, imesimama juu ya hiyo "saa ile".

Tutafuata picha moja tangu turubai tupu hadi inakauka: ngalawa iliyopwelewa ufukweni Jambiani, kusini mashariki mwa Unguja, saa moja na nusu asubuhi, maji yakiwa yanakupwa. Tunatazama kaskazini, bahari iko kulia, na jua liko kulia. Kama wewe uko Nyali, Kigamboni au Tanga, hatua ni zilezile. Claude Monet, mchoraji Mfaransa na mmoja wa waanzilishi wa mtindo huu, nitamtaja mara kwa mara, kwa kuwa makosa mengi unayoyafanya leo yeye alishayatafutia dawa kwenye pwani ya Normandy, Ufaransa.

## Vifaa

- Turubai au ubao uliopakwa rangi ya msingi, sentimita 30 kwa 40. Usianze na kubwa zaidi. Utaishiwa mwanga kabla hujaishiwa nafasi.
- Rangi za mafuta tyubu sita: nyeupe ya titani (PW6), njano ya kadimiamu (PY35), nyekundu ya kadimiamu (PR108), nyekundu iliyokolea ya alizarini, bluu ya ultramarini (PB29) na kijani cha viridiani (PG18). Ukimudu ya saba, ongeza bluu ya kobalti (PB28).
- Brashi tatu bapa za manyoya magumu: upana wa kidole gumba, wa kidole cha shahada, na wa kidole kidogo. Brashi nyembamba ya kuchorea nyusi acha nyumbani.
- Kisu cha rangi, ubao wa kuchanganyia, matambara, tapentaini kidogo kwenye chupa yenye kifuniko.
- Stendi ya miguu mitatu, na mfuko mtupu wa kujaza mchanga.
- Mwavuli mweupe, wa kijivu au mweusi. Mwavuli mwekundu utaipaka picha yako yote rangi ya waridi, nawe hutajua mpaka ufike ndani.
- Daftari, penseli laini, na simu.

Namba zilizo nyuma ya tyubu ni muhimu kuliko jina la mbele. Jina ni biashara. Namba ndiyo inayosema humo ndani mna unga gani. Tyubu nyingi za bei nafuu zimeandikwa "viridiani" lakini namba ni PG7, yaani kijani cha thalo. Si kibaya, ila kina nguvu kama pilipili mbuzi: tone moja linageuza lundo zima la nyeupe. Ukiwa nacho, chukua robo ya unachodhani unahitaji.

Umeona hakuna nyeusi. Mwaka 1905 Monet aliulizwa anatumia rangi gani, akataja nyeupe, njano ya kadimiamu, vemilioni (nyekundu kali), nyekundu iliyokolea ya mizizi, bluu ya kobalti, kijani cha zumaridi, basi. Orodha yetu inakaribia yake. Vemilioni tumeiacha kwa sababu ina zebaki. Nyekundu iliyokolea aliyoisema, ile sisi tunayoiita damu ya mzee, kazi yake inafanywa na alizarini.

Wenye akriliki: inawezekana, lakini upepo wa kusi utazikausha kwenye ubao kabla hujafunga kifuniko cha tyubu. Tandika kitambaa kilicholowa ndani ya mfuniko wa kontena la chakula, juu yake karatasi ya kuokea, na changanyia hapo.

## Hatua ya 1: Chagua saa, kisha soma maji

Andika kwenye daftari saa utakayoanza na saa utakayoacha, na uiheshimu. Eugène Boudin, mchoraji aliyemtoa Monet ndani akamfundisha kuchorea nje, alikuwa akiandika kwenye vichoro vyake vya mawingu tarehe, saa na upepo. Hayakuwa madoido. Alijua kwamba anga la saa moja si la saa mbili.

Kwetu jambo hili ni kali zaidi. Normandy iko mbali na ikweta, jua linapanda kwa mshazari na mwanga wa chini unakaa muda mrefu. Hapa linapanda wima. Saa moja na nusu asubuhi kivuli cha nguzo ni karibu mara tatu ya kimo chake. Ikifika saa mbili na nusu kimepungua hadi nusu ya hapo. Kwa hiyo anayechora kwa saa mbili mfululizo anachora asubuhi mbili tofauti kwenye turubai moja, kisha anashangaa mbona picha inagombana yenyewe.

Jipe dakika hamsini. Zikiisha na hujamaliza, funga, urudi kesho saa ileile. Monet pale Étretat, mji wa pwani ya Normandy, alikwenda ufukweni na turubai tano sita za mandhari moja, akibadilisha kadiri mwanga unavyobadilika.

Maji sasa. Chagua siku ambayo maji yanaendelea kupwa wakati unachora, ili yakukimbie badala ya kukufuata. Kumbuka kila siku yanachelewa kama dakika hamsini, na wakati wa bamvua, mwezi mwandamo na mwezi mpevu, tofauti ya kujaa na kupwa Unguja inafika karibu mita 4. Pwani zenye ufukwe bapa hazikupi onyo: maji hayaji kwa mbele kama mgeni mwenye adabu, yanazunguka kwa nyuma kupitia mkondo.

Nayajua haya kwa gharama. Mwaka wangu wa kwanza nilikaa juu ya fungu la mchanga nikijiona mfalme, nikageuka nikakuta mkondo ulio nyuma yangu umeshajaa. Nilirudi na maji kiunoni, sanduku la rangi kichwani, brashi mbili zikielea kuelekea Bara. Najifariji kwamba Novemba 1885 Monet mwenyewe alikosea kusoma saa za maji pale Étretat. Wimbi likampiga kwenye jabali na kumchukulia turubai, stendi na ubao wa rangi.

*Umefaulu kama:* umeandika saa ya kuanza na saa ya kuacha kwenye daftari, umeuliza mvuvi maji yanajaa saa ngapi, na mfuko wa mchanga unaning'inia chini ya stendi yako.

## Hatua ya 2: Panga picha kwa penseli, mara tatu

Chora vijisanduku vitatu kwenye daftari, kila kimoja ukubwa wa kiberiti. Katika kila kimoja weka upeo mahali tofauti: juu, chini, na pale unapotaka wewe. Usitie ndani zaidi ya maumbo matano.

Ukiuweka upeo katikati, anga na bahari vinagombea ukubwa na hakuna anayeshinda. Amua. Kama anga ndilo lenye habari, mawingu ya masika kwa mfano, lipe theluthi mbili. Kama habari iko chini, kwenye mchanga uliolowa na madimbwi, sukuma upeo juu kabisa. Kule kisiwa cha Belle-Île, Ufaransa, mwaka 1886 Monet aliupandisha hadi karibu na ukingo wa juu, mpaka miamba na maji vikaijaza picha yote. Sisi leo tunafanya hivyo: upeo uko robo ya juu, kwa sababu uhondo wa maji kupwa uko miguuni petu.

Ngalawa iweke kushoto kidogo ya katikati, omo (sehemu yake ya mbele) ukielekea ndani ya picha. Omo ukitazama nje, jicho la mtazamaji linaondoka nao. Vile vibao viwili vya pembeni vinavyoizuia isipinduke ni zawadi: mistari yao inakata mshazari na kuyapeleka macho kwenye mstari mweupe wa mawimbi yanayovunjika mwambani kwa mbali.

Usiogope kukata kitu. Mlingoti ukitoka nje ya ukingo wa juu, uache utoke. Katika picha ya mwaka 1883 ya lango la mwamba liitwalo Manneporte, Monet alisogea karibu kiasi kwamba jabali halikuenea kwenye turubai, na ndiyo maana unahisi umesimama chini yake.

Onyo dogo linaloharibu picha nyingi: upeo wa bahari lazima uwe mlalo kamili. Pima kwa rula kutoka ukingo wa juu, kushoto na kulia. Ukiinama hata nusu sentimita, maji yanamwagika nje ya picha na hakuna rangi itakayoyazuia.

## Hatua ya 3: Giza na mwanga kabla ya rangi

Hapa ndipo wanapoangukia tisa kati ya kumi wanaoniletea picha, kwa hiyo nitakaa.

Kila kitu unachokiona kina mambo mawili: rangi yake, na kiasi chake cha mwanga. Jicho la mwanafunzi linakimbilia rangi. Lakini picha inasimama au inaanguka kwa mwanga. Ukikosea rangi ya ngalawa ukapatia mwanga wake, mtazamaji bado anaona ngalawa ya asubuhi. Ukipatia rangi ukakosea mwanga, anaona ngalawa ya plastiki.

Finya macho. Finya mpaka kope zikaribie kugusana na vitu vyote vipoteze maelezo. Sasa huoni mbao, kamba wala misumari, unaona mabaka. Uliza baka lipi ni jeusi kuliko yote. Kwenye mandhari yetu ni tumbo la ngalawa upande wa kushoto, usiopigwa na jua. Lipi ni jeupe kuliko yote? Wengi wanajibu "mchanga". Finya tena. Ni mng'ao wa jua kwenye dimbwi la kulia, pamoja na povu la mwambani. Mchanga mkavu ni wa pili. Anga ni la tatu. Bahari ya kina kirefu ni ya nne. Mchanga uliolowa uko kati ya anga na bahari, kwa sababu unaakisi anga lakini unameza sehemu ya mwanga wake.

Ziandike namba hizo kwenye kichoro chako: 1 nyeupe kabisa, 5 nyeusi kabisa. Kila umbo namba moja.

Kisha fanya jaribio la simu. Piga mandhari, iondolee rangi zote ibaki nyeusi na nyeupe, ulinganishe na namba zako. Mara ya kwanza utaona aibu. Mara ya kumi hutahitaji simu.

Kuona nguvu ya jambo hili, tafuta kwenye intaneti picha ya Monet iitwayo *Impression, soleil levant*, bandari ya Le Havre aliyoichora mwaka 1872, ile iliyoupa mtindo huu jina lake. Jua lake la rangi ya chungwa linawaka kama kaa la moto. Sasa iondolee rangi. Jua karibu linapotea! Kiasi chake cha mwanga ni karibu sawa na anga la kijivu lililolizunguka. Kinachowaka ni chungwa dhidi ya bluu, rangi pinzani, yaani zinazotazamana kwenye duara la rangi, zilizowekwa bega kwa bega, na jicho linashindwa kulituliza. Wengi wetu tungelichora jua lile kwa nyeupe tupu, likatoka kama kibandiko.

*Umefaulu kama:* mtu asiyejua unachora nini anakitazama kichoro chako cha namba akasema, "Hii ni asubuhi, jua liko huku."

## Hatua ya 4: Ondoa weupe wa turubai

Chukua ultramarini na nyekundu kiasi, uziyeyushe kwa tapentaini mpaka ziwe kama chai, paka turubai yote, kisha pangusa kwa tambara ibaki kijivu chepesi chenye uvuguvugu. Dakika tatu.

Sababu ni kwamba turubai jeupe juani linakuumiza macho na kukudanganya. Kila rangi unayoiweka inaonekana nzito kuliko ilivyo, nawe unazidisha nyeupe. Na mianya midogo utakayoiacha kati ya mipigo ya brashi itaonyesha kijivu hiki badala ya weupe unaochoma.

Ukiwa umelielekea jua moja kwa moja, siku nyingine, weka kipande cha boksi nyuma ya turubai. Bila hicho mwanga unapenya kitambaa kwa nyuma na picha yote inang'aa uongo.

## Hatua ya 5: Mabaka makubwa, haraka

Tumia brashi ya upana wa kidole gumba tu. Una dakika kumi na tano za kufunika turubai yote.

Anza na kivuli cha ngalawa na tumbo lake, kwa kuwa kivuli ndicho kitakachokimbia kwanza. Ukishakifunga mahali pake, usikifuate tena hata kikisogea. Halafu anga, bahari, mchanga uliolowa, mchanga mkavu, kwa namba ulizoandika.

Anga la asubuhi halina bluu moja. Upande wa kulia karibu na jua ni krimu yenye waridi kidogo. Ukienda kushoto na juu linapoa kuelekea samawati. Mchanga mkavu: nyeupe, njano kidogo, na nyekundu kiasi cha ncha ya kisu. Usiuache mweupe mtupu hata ukiwa unauona mweupe, kwa sababu ukiutumia weupe wote hapa hutabaki na kitu cha kuwashia mng'ao wa maji.

Rangi mpya kwenye kivuli changanya upya, usiichote kwenye lundo la mwanga ukaitia giza. Weka malundo ya mwanga upande mmoja wa ubao na ya kivuli upande wa pili, kama wali na mchuzi kwenye sahani ya mtu anayependa kula vizuri.

## Hatua ya 6: Maji

"Bahari ni bluu" ni sentensi ya darasa la pili. Simama Bagamoyo, ambako mto Ruvu unamwaga udongo wake kaskazini ya mji, uone kama utaikuta feruzi. Maji ya karibu yana rangi ya chai ya maziwa, tena chai ya mgahawani, na ni mazuri sana kuyachora. Jambiani ni feruzi kwa sababu nyingine: chini kuna mchanga mweupe wa matumbawe, maji yanameza wekundu wa mwanga, mchanga unarudisha uliobaki, nao unatufikia ukiwa na kijani na bluu. Palipo na majani ya bahari chini, feruzi inakatika na kuwa baka la zambarau nzito. Kwenye kina kirefu nje ya mwamba hakuna cha kurudisha mwanga, basi ni bluu nzito.

Ukizielewa sababu hizi hutakariri rangi. Soma maji kwa mikanda, kutoka mbali kuja karibu:

Nje ya mwamba. Ultramarini, viridiani kidogo, nyeupe kidogo. Mkanda mwembamba mno. Wengi wanaupanua mara tatu ya ulivyo.

Mwambani. Mstari wa povu, umekatikakatika. Povu upande wa jua ni nyeupe yenye njano kwa mbali. Upande wa pili ni bluu-zambarau nyepesi. Ukiupiga wote nyeupe unakuwa uzio.

Ndani ya mwamba. Feruzi: viridiani, kobalti au ultramarini kidogo, nyeupe, na chembe ya njano sehemu zenye kina kifupi. Usichanganye mpaka iwe sawasawa. Koroga mara tatu, iache na mistari, ipake hivyo. Ile michirizi isiyoungana ndiyo inayofanya maji yatetemeke. Ndiyo siri iliyojificha mbele ya macho ya kila mtu.

Madimbwi na mchanga uliolowa. Hapa huchori maji, unachora anga lililoanguka chini. Chota rangi ya anga, ipunguze mwanga kidogo kwa rangi ya mchanga, uweke kwa mipigo ya mlalo.

Saa moja na nusu asubuhi feruzi bado imelala. Inakolea jua likiwa juu. Kwa hiyo ukijikuta unachora bahari ya kwenye kalenda, simama. Huioni. Unaikumbuka.

## Hatua ya 7: Kivuli ni kimoja, uakisi ni mwingine

Ngalawa yetu inaangusha kivuli na pia inaakisiwa kwenye mchanga uliolowa. Wengi wanaviunganisha kuwa doa moja.

Kivuli kinakimbia jua. Jua liko kulia, kivuli kinalala kushoto. Uakisi haujali jua liko wapi. Unashuka wima kuelekea kwako, popote ulipo. Ukihama hatua tatu uakisi unahama nawe, kivuli kinabaki.

Kwa rangi: kivuli kwenye mchanga ni ultramarini na alizarini ndani ya nyeupe, zambarau isiyo nzito. Zambarau, kwa sababu mchanga unaopigwa na jua umeelekea njano, na mahali jua limezuiwa kinachobaki ni mwanga wa anga la bluu. Njano na zambarau ni rangi pinzani. Zikigusana kila moja inaipandisha mwenzake. Nyeusi haimpandishi mtu.

Kwenye uakisi kuna kanuni inayoshika karibu mara zote: kitu chenye giza kinaakisiwa chepesi kidogo kuliko kilivyo, na kitu chenye mwanga kinaakisiwa kizito kidogo. Tumbo la ngalawa likiwa namba 5, uakisi wake ni 4. Upige wima kwanza, kisha uukate kwa mipigo miwili mitatu ya mlalo ya rangi ya anga. Ghafla mchanga unalowa.

*Umefaulu kama:* ukiziba ngalawa kwa kiganja, bado unajua jua liko wapi na mchanga wapi umelowa.

## Hatua ya 8: Mipigo ya mwisho, kisha acha

Sasa shika brashi ya kidole cha shahada. Chota rangi nyingi, iweke juu ya iliyo mbichi, inua mkono. Mpigo mmoja, chota tena. Ukiupitia mara ya pili unachanganya na iliyo chini, ukipitia mara ya tatu una tope. Tambara lipo kwa ajili hiyo: pangusa brashi kila baada ya mipigo miwili. Nimewahi kukaa nyuma ya mwanafunzi nikihesabu. Alipiga mipigo arobaini na moja bila kupangusa, halafu akalaumu kampuni ya rangi.

Mpigo ufuate kitu. Maji yaliyotulia ni mlalo, mchanga ni mshazari wa mteremko wake, ngalawa ni urefu wa gogo lake, mawingu ni upepo ulivyo. Mama anayeinamia mwani kule mbali ni mipigo mitatu: kanga, mgongo, kivuli. Usimtie vidole.

Mwisho kabisa, nyeupe nzito yenye chembe ya njano, kwa kisu, sehemu nne tu: dimbwi, povu, ukingo wa juu wa ngalawa, na moja utakayoichagua. Ukiona hamu ya kuweka ya tano, osha brashi.

## Picha imeshakuwa tope. Nifanyeje?

Usiongeze rangi. Kwangua sehemu hiyo kwa kisu mpaka uone kijivu cha Hatua ya 4, pangusa, rudi kwenye namba ulizoandika, weka mpigo mmoja mmoja. Kama tope limeenea turubai lote, kwangua lote. Kivuli hafifu kitakachobaki ni mwanzo mzuri kuliko turubai jipya. Picha zangu mbili ninazozipenda zilianzia kwenye makwangulio.

Kama mabaka ni sahihi ila picha imepooza, tafuta rangi kubwa kuliko zote kwenye picha na uweke pinzani yake mahali padogo. Bahari nyingi ya feruzi inahitaji kitambaa kimoja chenye wekundu wa chungwa kwenye mlingoti.

## Hatua ya 9: Kufunga, kubeba, kukausha

Tapentaini chafu irudishe nyumbani kwenye chupa yake. Usiimwage ufukweni, na usioshe brashi baharini. Matambara yenye mafuta ya rangi usiyafinyange ukayatupa kwenye ndoo: yakikauka yamebanana yanaweza kujipasha joto hadi kuwaka yenyewe. Yatandaze nje moja moja.

Kubeba picha mbichi kwenye daladala, panga turubai mbili za kipimo kimoja uso kwa uso, weka vizibo vya chupa kwenye pembe nne kati yake, funga kwa kamba. Ukiwa na moja tu, tumia fremu tupu.

Nyumbani ianike kivulini penye hewa, si juani. Sehemu nyembamba zitakauka baada ya siku kadhaa. Zile nne nzito za mwisho zitachukua wiki nyingi. Vanishi subiri miezi 6. Na picha usiipime mchana uleule uliotoka nayo, macho bado yamejaa jua. Ipime kesho asubuhi, ndani, ukiwa umesimama hatua tano.

Utakuta mchanga umenasa kwenye rangi, hasa kama ulichora wakati wa kusi. Usiutoe kwa kucha sasa hivi, utachimba shimo. Subiri ikauke, pitisha brashi laini kavu, utakaotoka utoke. Uliobaki uache. Picha ya ufukwe wa Trouville aliyoichora Monet mwaka 1870, iliyoko National Gallery, London, ina chembe za mchanga wa siku ile ndani ya rangi hadi leo.